Waifai ya Bure

Jumanne ya tarehe tisa, mwezi wa sita, mke wangu aliibwa akiwa ameketi. Alikuwa kituo cha mabasi, akisubiri basi la kumpeleka kwenye upasuaji wa moyo. Ukutani wakubwa wa kituo walikuwa wamebandika tangazo la waifai ya bure. Kwenye simu yake ikatokea mitandao miwili, yote kwa jina la kituo. Akachagua mmoja. Ukamtaka namba ya simu na neno la siri, akaweka. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Baba Watoto, basi bado. Kula kwanza."

Mchana huohuo "yeye" akaanza kuwaomba ndugu pesa, ujumbe ukitoka kwa namba yake. Shemeji akaripoti. Kampuni ya simu ikaifunga laini ya mke wangu. Kwa usalama wake, walisema.

Nikaenda kwa mkuu wa kituo na vumbi la karakana mwilini. Hakuniambia hata keti.

"Matapeli hao, mzee. Mtandao wetu mzima. Ule mwingine hatuujui."

"Jina lenu, jengo lenu, hamuujui?"

"Punguza sauti. Namba ngeni ikikupigia, ikasema mkeo yuko hospitali, kata."

"Lakini kweli anakwenda hospitali."

"Ndiyo maana watakutega na hiyohiyo."

Mimi shule niliionja tu. Mwenye ofisi akisema kata, nakata.

Miaka sita sasa nachomelea mageti ya watu, nafunga nyumba za wengine. Yangu imebaki na kitanda kipana mno. Na bado nausikia mlio wa simu wa Alhamisi ile, siku mbili baada ya wizi, namba nisiyoijua, sauti ya mwanamke:

"Baba, mimi nesi. Mama anaingia upasuaji sasa hivi, anataka mseme kidogo..."

"Mwizi mkubwa we! Katafute kibarua!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Ikaita tena, nikaizima.

Hakuamka.

Nesi nilimkuta koridoni, akanitazama viatu. "Nilikuwa nimeweka spika, baba," alisema. "Alicheka kidogo. Akasema, huyo ndiye mwenyewe, mpigie tena."

Nilirudi kwa mkuu wa kituo. Nikaenda na kwa kampuni ya simu, wakanipa namba ya foleni. Kote niliuliza swali moja, na mpaka leo naliuliza: siku ile, mke wangu wa kweli angesema nini ili nimwamini?