Shingo Nimeiacha

Ka-ka.

Sauti hiyo ndogo hutoka kwenye redio iliyo juu ya kabati letu la vyombo, alfajiri, kabla taa haijawashwa. Ni mume wangu. Ameshafika yadi, ameshapanda lori lake, na kabla hajaondoka anabonyeza kitufe cha kipaza sauti mara mbili bila kusema neno, ili asimwamshe mtoto. Maana yake naijua mimi: naondoka, lala kidogo. Wenzangu huagwa kwa maneno matamu. Mimi naagwa kwa ka-ka, na sijawahi kuona nimepunjwa.

Asubuhi ile nilisikia ka-ka, nikatabasamu gizani. Halafu, baada ya pumzi moja, nikasikia ka-ka nyingine.

Nikaketi kitandani. Mume wangu hana desturi ya kurudia. Huyo alikuwa Kasuku, ameamka kabla ya jogoo, na sasa alikuwa ameingia mpaka jikoni kwangu.

Kabla ya Kasuku nieleze Shingo. Malori ya chama chetu cha ushirika hubeba mawe kutoka machimbo ya mlimani hadi mjini, na katikati ya safari barabara imebanwa, huku mwamba, huku korongo. Lori moja linapita, mawili hayapiti. Madereva wanapaita Shingo, kwa sababu ukikosea hapo umejinyonga. Simu hazishiki mlima mzima. Redio koli hushika juu na hushika chini, lakini ukiwa ndani ya Shingo mwamba hunyamazisha kila kitu, hupati wala hupatikani. Ndiyo maana tuna maneno yetu. Anayeingia husema, "Shingo ni yangu." Anayetoka husema, "Shingo nimeiacha." Nami nikiwa kwenye chumba cha redio pale yadi, chini ya mlingoti wetu mrefu, nayarudia ili aliye upande wa pili ayapate. Jina langu hewani ni Mezani, kwa kuwa redio yangu haina magurudumu. Natamka maneno hayo tangu asubuhi hadi jioni, kisha namwacha binti yangu kwa baba yake na kwenda darasani, na hata huko nikiitwa ubaoni nusura niseme, "Nimekupata, mwalimu."

Kasuku alikuwa mtu tusiyemjua, na redio yake ilikuwa mahali fulani mjini. Alianza kwa kupiga miluzi. Akaja na muziki, akaja na kupuliza kwenye kipaza sauti kama anayepoza uji. Kisha akaanza kuiga watu, na hapo nisimnyime haki yake, alikuwa na kipaji. Alimwiga mwenyekiti wetu anavyosafisha koo kabla ya kila jambo, nasi tukacheka. Kwamba tulicheka, ninakubali.

Kicheko kiliisha siku alipoiga sauti ya mume wangu. Alisema, "Mezani, mwambie mtoto namletea mpira mwekundu." Nami nikamwambia. Binti yangu ana miaka minne. Alivaa viatu vyake, kushoto kulia na kulia kushoto, akaketi kizingitini mpaka baba yake aliporudi mikono mitupu, amechoka, hajui anadaiwa nini. "Baba alisema," mtoto akawa anarudia. "Baba alisema." Kesho yake baba yake alinunua mpira, mwekundu kweli, lakini mambo hayakurudi yalipokuwa. Tangu hapo, sauti ya baba yake ikitoka redioni, anatazama chini na kuendelea na michezo yake, kama anayesikia mvua ya mtaa wa pili. Hilo lilinila kuliko matusi yote yaliyofuata.

Halafu Kasuku akasema, kwa sauti ya dereva tunayemwita Mrefu, "Shingo nimeiacha." Nami nikarudia. Tuna dereva mwanamke, Dada Usukani, ambaye alikuwa akisubiri chini. Akaingia. Akakutana na Mrefu pua kwa pua katikati ya kona, na kwa kuwa Mrefu ndiye aliyekuwa na mzigo, ikabidi Dada Usukani ndiye arudi nyuma, gurudumu la nyuma likidondosha kokoto korongoni. Alipofika yadi alizima injini akabaki juu. Nikapanda kumwona. Mikono ilikuwa imekataa kuachia usukani, nikaibandua kidole baada ya kidole, kama ninavyombandua mwanangu kwenye nguo zangu siku ya sindano.

Madereva wakachukua njia wanayoijua, matusi. Kutwa chaneli ilichemka kama sufuria. Kasuku akanenepa. Kila aliyemtukana alipata tusi lake likirudi kwa sauti yake mwenyewe, na kelele zilipozidi, maneno ya Shingo ndiyo yaliyofunikwa. Mwenyekiti alikwenda ofisi inayoshughulikia mawimbi ya redio. Wakampokea vizuri, wakamwambia chaneli ile ni ya umma, gari la kumsaka mtu kama huyo litakuja zamu yetu ikifika. Akarudi na shauri lake: redio zizimwe, tuweke watu wawili na bendera, mmoja kila upande.

Kikao kilifanyika yadi, watu wameketi juu ya matairi. Mume wangu akauliza, kwa upole wake ule, bendera itaonekanaje siku ya ukungu. Mlima wetu una siku za ukungu kuliko za jua.

Mimi nilikuwa na neno, nalo lilinikaa kooni tangu darasa la juzi. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa amesema kwamba neno halina maana mpaka ujue anaambiwa nani. "Karibu" ukimwambia mgeni ni heshima. Ukimwambia mumeo aliyerudi alfajiri ni vita. Darasa zima lilicheka. Mimi nikamfikiria Kasuku. Anajua sauti zetu zote. Lakini je, anajua nani ni nani kwa nani?

Nikasimama. Nikasema nina ombi la kwanza: asijibiwe. Asitukanwe, asitajwe, hata kikohozi. Wanapomtukana wanampigia ngoma, naye anacheza. La kumsema lisemwe hapa yadi, uso kwa uso, hewani hayupo. Ombi la pili: anayetoka Shingo asiishie kwenye maneno yetu. Amsalimie anayemsubiri, kama anavyomsalimia mlangoni kwake, na kila siku abadilishe. Ndipo mwenzake atie gia.

Mrefu akaguna. "Yaani tumshinde adui kwa shikamoo?"

"Siyo kwa shikamoo," nikamjibu. "Kwa kujuana."

Hapo Babu Breki akainua mkono. Babu Breki ndiye dereva mkubwa kuliko wote, mdogo wake babu yangu mzaa baba, na jina alilipata kwa kukanyaga breki hata mahali ambapo wengine hawaoni sababu. Kwa utani wa babu na mjukuu, mimi ni mke wake, na mume wangu ni kibarua aliyemwajiri anitunze. "Mke wangu amesema," akatangaza. "Atakayempinga aje aazime breki zangu, maana zake hazitamsaidia."

Watu wakacheka, na kicheko ndicho kilichopiga kura.

Kunyamaza, nyie, ni kazi kuliko kubeba mawe. Mrefu alifunga leso kwenye kipaza sauti chake, ili kila akikishika akumbuke kumeza tusi. Mume wangu alikuwa akiimba peke yake ndani ya lori. Kasuku alipiga miluzi, hakuna mtu. Akamwiga mwenyekiti, hakuna mtu. Na salamu zikaanza kupendeza kuzisikia. Dada Usukani, ambaye ameolewa na kaka yake Mrefu, alikuwa akimtupia shemeji yake kila siku utani mpya: leo miguu yako imeipita suruali, kesho mama mkwe anauliza utaoa lini. Nilikuwa nikirudia maneno ya Shingo kwa sauti ya kazi huku nimebana kicheko.

Basi, asubuhi ile ya ka-ka mbili, nilipofungua dirisha sikuona nyumba ya jirani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mjini. Jirani yangu anayenishikia mtoto alikuwa amesafiri, nikaenda na mtoto kazini, nikamketisha chini ya meza ya redio na mpira wake na kifuniko cha sufuria, ambacho ni usukani wake.

Mume wangu alikuwa ameshapakia. Sauti yake ikaja, na mikwaruzo: "Mezani, Shingo ni yangu."

"Nimekupata. Shingo ni yake," nikarudia. Chini alikuwa akisubiri Babu Breki na lori tupu, na nyuma yake Dada Usukani.

Mtu akiingia Shingo hakuna la kufanya ila kungoja. Nilikuwa bado naitazama redio ilipowaka taa yake ndogo.

"Shingo nimeiacha. Shikamoo mzee, pita tu."

Ilikuwa sauti yake. Haikufanana nayo, ilikuwa yake, mpaka kile kikohozi chake cha vumbi. Chini ya meza kifuniko kikaacha kuzunguka. Moyo wangu ulitaka kuamini, kwa sababu ukiamini basi ameshatoka, yuko salama, anakuja.

Lakini tangu tuoane mume wangu hajawahi kumwita Babu Breki mzee, na shikamoo yake ya kwanza kwake ilikuwa siku ya posa, nayo ikawa ya mwisho. Humwita mwizi wa wake za watu. Yule mtu, ambaye hakuwa amewasikia wawili hao wakipishana Shingo, alikuwa amefikiri vizuri: kijana anamwachia mzee njia, atasema nini kama si shikamoo? Alikuwa na adabu kuliko mume wangu, na adabu ile ndiyo iliyomuumbua.

Niliwaza je, Babu Breki amesikia kama nilivyosikia? Masikio yake si yale ya ujana, injini yake inanguruma, ukungu umemzunguka, na amengoja muda mrefu. Nikabonyeza kitufe. Sikumtaja mtu. Nilisema kwa sauti ya kila siku, "Mezani. Shingo bado ni yake."

Nikaachia kitufe. Kisha, kutoka chini ya mlima: ka-ka.

Babu Breki alikuwa ameniambia breki ziko mahali pake. Nyuma yake, ka-ka nyingine, Dada Usukani. Halafu kutoka machimboni, kutoka barabara ya mjini, lori moja moja, hadi Mrefu na leso yake, ka-ka, ka-ka. Sikuwa nimewafundisha. Nadhani walikuwa wakiisikia kila alfajiri wakanyamaza kwa heshima, na sasa walinirudishia. Nilikaa wima kwenye kile kiti cha plastiki kama niliyewekewa zulia.

Taa ikawaka tena.

"Kwani hamnisikii?"

Haikuwa sauti ya mume wangu, wala ya Mrefu, wala ya mwenyekiti. Ilikuwa sauti nyembamba ya mtu mzima, yenye mkwaruzo wa asubuhi, na nikajua ndiyo mara ya kwanza anazungumza kwa ya kwake. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Mimi ni mama. Mtu akiuliza hivyo, mkono huenda wenyewe. Laiti angekuwa amekuja mlangoni ningemkaribisha kiti. Lakini mume wangu alikuwa ndani ya mwamba na tani za mawe mgongoni, na barabara yake ilikuwa ni ule ukimya. Nikaondoa kidole, nikakiweka mapajani, nikakishika kwa mkono wa pili.

Hatukumjibu. Chaneli ikatulia, na ukungu ukaegemea dirisha.

Ndipo mkwaruzo ukaja, ule wa lori linalotoka nyuma ya mwamba, maneno yakiwa yamekatikakatika kabla hayajanyooka.

"...ezani, Shingo nimeiacha. Wewe mwizi wa wake za watu, bado uko hai hapo chini? Nilidhani umeota kutu."

"Nipo, kibarua," Babu Breki akajibu, na nikasikia gia yake ikiingia. "Mshahara wako umesimama mpaka uniletee habari za mke wetu."

"Mke wetu yuko kazini, anatuongoza sote."

"Hilo najua. Nimemchagua mwenyewe."

Nikarudia kwamba Shingo iko wazi. Kitu kikagusa goti langu. Binti yangu alikuwa ametoka chini ya meza, mpira kwapani. Hakutazama chini. Aliitazama redio kwa muda, kama anavyomtazama mtu mlangoni kabla ya kumkimbilia.

"Mama," akasema, "huyu ndiye baba."