Hinano Amelala

Sawako Kuramochi alikuwa amechoka uchovu ule ambao mtu akilala nao anaamka nao. Kwa miaka sita alikuwa akichora hadithi ya picha kuhusu mapenzi ya Toma na Hinano, sura moja kila mwezi, kwenye jarida ambalo wasomaji wake ni wanawake wa maofisini na wasichana wa sekondari. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefungwa bandeji tangu majira ya baridi. Aliishi peke yake ghorofa ya pili huko Tokorozawa, karibu na reli, na treni zikipita wino ulitikisika ndani ya kichupa.

Toma wake alikuwa kijana mrefu asiyesema sana, ambaye alimpenda Hinano kupita kiasi. Alijua Hinano anapanda treni gani na anakunywa chai gani. Mwanamume mwingine akimtania Hinano kazini, mwezi unaofuata mwanamume huyo alihamishwa tawi. Toma hakuwahi kumshika Hinano kwa nguvu. Kazi yake ilikuwa kusubiri. Sura iliyompa Sawako jina ni ile aliyomchora Toma amesimama mvuani chini ya dirisha la Hinano ukurasa baada ya ukurasa, hadi Hinano akashuka ngazi miguu mitupu. Wasomaji walilia. Waliandika kwamba nao wangetamani kupendwa namna hiyo.

Mhariri wake, Bwana Ukita, alikuwa mtu mpole mwenye vidonda vya tumbo, na kila mwezi alimpigia simu, akimwita Mwalimu kama wachoraji wote wa jarida walivyoitwa, kumwambia jambo lilelile.

"Mwalimu, kaza kidogo. Wakaribiane, halafu mvute nyuma."

"Nimemvuta nyuma mpaka hana pa kwenda."

"Mvute tena kidogo. Wanapenda."

Sawako alimvuta tena. Hata alipokuwa anasugua sufuria, kichwa chake kilikuwa kinapanga jinsi mkono wa Toma utakavyokaribia nywele za Hinano na kusita.

Mvua za Juni zilipoanza, mdogo wake Chinami alibisha hodi akiwa na begi moja na mwavuli uliovunjika. Walikuwa hawajaonana tangu Mwaka Mpya. Chinami alikuwa ameolewa mjini Utsunomiya na Yoshitaka, karani wa kampuni ya vifaa vya umeme, mwanamume safi, mwenye adabu, ambaye mama yao alimsifia kwa majirani zake wote.

"Dada, naomba nilale hapa kidogo," alisema.

Sawako alifikiri ni usiku mmoja. Chinami alilala siku ile, akalala kesho yake, akiamka kunywa maji tu na kurudi chini ya shuka. Sawako alikuwa amechelewa na kazi, akamwacha. Hatimaye Chinami alitoka chumbani, akala wali baridi na achari ya plamu akiwa amesimama kando ya jokofu. Simu yake ilikuwa mezani ikitetemeka. Ilinyamaza, ikaanza tena.

"Ni shemeji?" Sawako aliuliza.

"Ndiye."

"Anataka nini?"

"Anauliza kama nimekula."

"Sasa hapo kuna ubaya gani?"

Chinami alitafuna taratibu. "Nikimwambia nimekula, anauliza nimekula nini. Nikimwambia nini, anauliza nimekula na nani. Nikisema peke yangu, anauliza mbona sauti yangu ina furaha."

"Amekupiga?"

"Hajanipiga hata siku moja. Ndiyo maana sijui nikifika kwa polisi nianzie wapi."

Akaigeuza simu kifudifudi, akanawa bakuli lake, akauliza kama kuna kazi ya kufanya.

Kazi ilikuwepo. Sawako alimwonyesha namna ya kufuta mistari ya penseli wino ukishakauka, na namna ya kujaza weusi mahali alipotia alama. Chinami alikuwa na mkono mtulivu. Walikaa hivyo mchana kutwa, hawasemi mengi. Hapo ndipo Sawako alipoanza kumwangalia. Alimwona akichagua kukaa pale tu ambapo mgongo wake uligusa ukuta. Miguu ya mtu ikisikika ngazini, shingo ya Chinami ilikakamaa kabla uso haujabadilika, na hatua zikishapita ilibaki hivyohivyo kwa muda, kama imesahau kulegea.

Sawako hakuamua kuichora shingo ile. Mkono ulitangulia. Hinano akaanza kukaa na mgongo ukutani. Hinano akaanza kugeuza simu kifudifudi.

Bwana Ukita alipiga simu baada ya kupokea sura hiyo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwalimu, nywele zimenisimama. Hii ndiyo bora kuliko zote. Umeitoa wapi?"

"Imekuja tu."

"Basi iache iendelee kuja. Wanataka kukupa jalada la mbele."

Sawako alikata simu akiwa na furaha ya dakika moja, halafu ikafuata hisia nyingine ambayo hakutaka kuipa jina. Mdogo wake alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akifuta penseli.

Chinami aliligundua jambo hilo mwezi uliofuata, katika kurasa mpya. Alisimamisha kifutio, akainamia karatasi kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi."

"Ni Hinano."

"Dada, hii shingo ni yangu."

Sawako aliweka kalamu chini. Alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi kukana, na sasa hakuwa na nguvu hiyo. "Nisamehe," alisema. "Nilikuwa nimeishiwa. Nikakuona."

Chinami hakukasirika kama alivyotarajia. Aliendelea kuitazama karatasi, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayeangalia picha yake ya pasipoti.

"Umeichora vizuri," alisema. "Umekosea kitu kimoja tu. Hapa umemchora moyo unamwenda mbio. Macho yanang'aa. Mashavu mekundu."

"Anaogopa, na anampenda. Mambo hayo mawili kwenye karatasi hayapishani sana."

"Mimi moyo hauendi mbio. Nina usingizi, dada. Tangu mwaka juzi nina usingizi. Mtu akikuuliza maswali kutwa, hata nafasi ya kuogopa huipati. Unachotaka ni anyamaze ujilaze." Akapuliza vumbi la kifutio. "Zamani niliipenda sana hii hadithi yako. Nilikuwa nasoma jikoni, najiambia, ona, na mimi nimepata mtu wa aina hii."

Treni ikapita, wino ukatikisika.

Wiki hiyohiyo Yoshitaka alitokea. Mkabala na jengo palikuwa na duka la mashine za kufulia, na mbele yake mashine ya kuuza vinywaji. Alasiri moja ya mvua Sawako alitazama nje, akamwona amesimama pale na mwavuli mweusi, mkononi ana kasha lililofungwa kwa kitambaa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Jambo la kwanza lililomjia Sawako kichwani lilikuwa kwamba mwanga unamwangukia vizuri, na kwamba mwavuli ungekaa vyema zaidi ukiinamishwa kidogo. Kisha aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Yuko chini, eti?" Chinami aliuliza bila kwenda dirishani.

"Yuko."

"Ameshika kasha?"

"Ndiyo."

"Ni keki za maharagwe. Nilimwambia nazipenda tulipokuwa wachumba. Siku hizi hata harufu yake siiwezi." Akavuta shuka, akageukia ukuta.

Sawako alipiga simu kituoni. Askari mmoja alikuja kwa baiskeli, akaongea na Yoshitaka kwa heshima. Yoshitaka akainamisha kichwa mara nyingi, akaondoka. Kesho yake alasiri alikuwa pale tena. Askari alieleza kwamba mtu aliyesimama tu barabarani mbele ya duka la kufulia si rahisi kumfunga. Siku zikaenda hivyo. Sawako alichora huku pazia limefungwa, na kila alipofika kwenye kisanduku chenye picha ya Toma mkono ulimuuma hadi begani.

Kisha Yoshitaka akapanda ngazi.

Chinami alikuwa chumba cha nyuma. Sawako aliachia mlango kadiri mnyororo ulivyoruhusu. Kwa karibu, shemeji yake alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Chini ya kwapa alikuwa na jarida lenye Hinano kwenye jalada.

"Shemeji, samahani kwa usumbufu," alisema, akainama. "Sikuja kugombana."

"Hataki kukuona, Yoshitaka. Nenda nyumbani ukalale."

"Sitakaa. Nina neno moja tu." Alitoa jarida, akalishika kwa mikono miwili. "Alikuwa anakusoma, unajua. Mimi sikuwa msomaji wa vitu hivi. Nilianza ili nijue anapenda nini. Nikamkuta Toma. Nikasema, loo, kumbe yupo mtu anayenielewa, na ni shemeji yangu mwenyewe."

Sawako aliutazama mnyororo. Hakuondoa mkono mlangoni.

"Alisubiri mvuani, na Hinano akashuka," Yoshitaka aliendelea, taratibu, kama anayemkumbusha ahadi. "Uliichora wewe."

"Niliichora mimi."

"Basi ananipima tu. Mwisho anarudi. Nakuuliza hilo tu, shemeji. Mwisho anarudi?"

Macho yake hayakuwa na ubaya wowote. Yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na ndani yake mlikuwa na matumaini yale ambayo Sawako alikuwa ameyachora mamia ya mara kwa nibu nyembamba kabisa, akiweka kitone cheupe mahali pa kung'aa.

"Harudi," alisema.

"Hinano?"

"Wote wawili."

"Hujui. Hadithi haijaisha."

"Ni yangu, naijua. Anaondoka, wala hageuki nyuma. Ile mvua nilikosea. Nilichora hivyo kwa kuwa ilipendeza, na nilitakiwa kujaza kurasa. Hakuna mtu anayeshuka, Yoshitaka. Aliye juu anachotaka ni uondoke, alale."

Yoshitaka alibaki amesimama. Kisha akaweka kasha na jarida sakafuni, akavipanga sawasawa, akakaa kwenye ngazi na kuegemea ukuta. Sawako alifunga mlango na kupiga simu. Safari hii, kwa kuwa mtu alikuwa amefika mlangoni na kukataa kuondoka, walikuja askari wawili, mmoja mwanamke. Huyo mwanamke aliingia ndani, akakaa sakafuni na Chinami, akamwomba aanze popote anapotaka. Chinami akaanzia kwenye chakula. Aliongea hadi chai ikapoa. Baada ya siku chache Yoshitaka alipewa amri ya maandishi ya kumkataza kumsogelea mkewe au kumpigia simu.

Mwisho wa mwezi Sawako alikutana na Bwana Ukita kwenye mkahawa wa karibu na stesheni, akamsogezea rasimu ya sura mpya. Ukita aliipitia yote, akarudi mwanzo, akapitia tena. Hinano alikuwa amekwenda nyumbani kwa shangazi yake, akatandikiwa, akalala. Kurasa na kurasa alikuwa amelala tu: mdomo wazi, nywele zimekwama shavuni, mguu mmoja nje ya shuka. Nje Toma alisubiri, mvua ikakatika, watu wakapita na vikapu vyao, na akabaki mwanamume aliyelowa kando ya barabara.

"Hakuna kinachotokea hapa," Ukita alisema.

"Amelala."

"Mwalimu, watu wamengoja miaka sita wabusiane."

"Najua. Ni mimi niliyewangojesha."

Ukita alitoa vidonge vyake, akameza kimoja na maji. "Mhariri mkuu atanila mzimamzima. Nimwambie nini?"

"Mwambie mkono unauma."

"Unauma kweli?"

"Kila siku."

Akautazama mkono wenye bandeji kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Alikusanya karatasi, akazigonga mezani kuzisawazisha. "Hii ya mguu nje ya shuka," alisema baadaye, hamtazami usoni. "Mke wangu hulala hivi." Akaondoka nazo.

Sura ilichapishwa. Wasomaji walikasirika kuliko alivyowahi kuona. Wengine walidai kwamba amemsaliti Toma, wengine kwamba amechoka na angepumzika badala ya kuwaharibia. Hao wa pili hawakukosea. Hadithi ikasukumwa kurasa za nyuma, na kabla ya majani kupukutika jarida lilimwomba aifunge. Alimpa Hinano kazi katika mji mwingine. Toma, Sawako hakumuua wala kumtubisha. Alimwacha nje ya kisanduku, basi.

Yoshitaka aliwasumbua wazazi wao kwa simu kwa miezi kadhaa. Mama yao, aliyekuwa amemsifia kote, ndiye aliyekuwa wa mwisho kumchoka, akabadilisha namba. Talaka ilipita kwa msuluhishi wa mahakama katikati ya baridi. Chinami alipata kazi jikoni mwa hoteli moja Hakodate, mbali kaskazini. Anwani yake walikuwa nayo dada yake na yule askari mwanamke, hakuna mwingine.

Daktari alimkataza Sawako kushika kalamu hadi kiangazi, naye akatii. Asubuhi za kwanza alikaa mezani bila kujua mikono aiweke wapi. Mwezi wa Aprili alipanda treni kwenda kaskazini. Theluji ilikuwa bado imelundikana kando ya reli. Chinami alichelewa kumpokea kwa sababu ya zamu, akaja akitembea haraka na koti la mpishi chini ya jaketi, ananuka ngisi wa kukaanga.

"Umekonda, dada."

"Na wewe umenenepa."

"Wananilisha. Lete begi."

"Nabeba mwenyewe."

"Kwa mkono gani? Lete hapa, acha ubishi."

Walivutana kidogo mbele ya stesheni, watu wakiwapita, mpaka Sawako akaliachia. Chinami alilitupia begani, akatangulia kupanda kilima.