Jibu la Échantillon

Neno lenyewe ni la Kifaransa na halina kosa. Échantillon: sampuli, kipande kidogo cha kitu unachotaka kukijua. Kwingine kokote ungeliandika juu ya sanduku na watu wakapita zao. Lakini liandike Beni, mji uliopitiwa na Ebola, kwa wino mwekundu, kisha usimame nalo kandokando ya barabara ukisubiri pikipiki ya kukupeleka Butembo. Hapo utajua hujui.

Motard wa kwanza aliyesoma sanduku la Falonne aliondoka bila hata kuaga. Wa pili alizima injini, akainamisha kichwa.

“Échantillon ya nini, maman? Ya mutu?”

“Hapana ya mutu. Ni ya pori.”

“Ya nyama ya pori?”

“Hapana nyama! Ni kitu kama buyoga.”

Uso wa motard ukachangamka. “Ah, buyoga! Banaikulaka?”

“Hakuna mutu anaikulaka!”

“Donc iko sumu,” akasema, na yeye akaondoka.

Falonne alisonya. Banaikulaka? Tangu aanze utafiti wake, hilo la kama huliwa ndilo swali pekee aliloulizwa na binadamu yeyote, kuanzia chifu wa kijiji hadi padri. Alikuwa assistant wa biolojia katika chuo kikuu kimoja cha Butembo, na alisoma uyoga pamoja na jirani zake, vile viumbe vya ute vinavyotambaa juu ya magogo yaliyooza. Watu huviita uyoga, navyo si uyoga. Havina mdomo, havina miguu, havina ubongo, na bado vinatembea, polepole, vikitafuta unyevu na chakula. Alikuwa amelieleza hilo mara nyingi mpaka ulimi ukamchoka.

Ndani ya sanduku kulikuwa na kipande cha gogo kutoka msitu ulio kaskazini ya Beni, na juu ya gogo kiumbe kimoja cha rangi ya kiini cha yai. Hicho hicho kimoja. Kiumbe cha namna hiyo hakijulikani jina mpaka kiote vichwa vyake vidogo na kutoa vumbi la mbegu, na ili kifike huko ni lazima kiwe hai. Bila jina, sura ya mwisho ya kazi yake haipo, na chef wa idara, Profesa Josaphat, alikwisha kumwambia kwamba mwaka huu hasubiri tena. Kurudi msituni kuchukua kingine haikuwezekana. Wiki ile ile aliyotoka, wanajeshi walifunga njia na wanakijiji wakakimbia. Kiumbe hiki kikifa, miaka yake yote inakufa nacho.

Mtu mwenye akili angebandua karatasi ile nyekundu akapanda pikipiki. Falonne alikuwa na akili, ila alikuwa pia na Profesa Josaphat. “Sans étiquette, c’est un déchet,” bila karatasi ya jina ni takataka, ndivyo alivyosema profesa kila wiki, na hakuwa akitania. Mwaka uliopita aliitupa jalalani trei nzima ya Salomon, mwenzake Falonne, kwa sababu karatasi zilikuwa zimebanduka. Kwa hiyo Falonne aliacha neno pale pale, akavimba kwa hasira juani.

Aliyemwokoa ni Daudi, motard wa Beni anayebebea wafanyabiashara mizigo kati ya miji hiyo miwili. Alisoma, kisha akavua jaketi lake na kulifunika sanduku.

“Sasa hakuna mutu anasoma,” akasema. “Panda, dada. Mais ukifika, koti yangu uifue.”

Butembo walifika salama. Maabara ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Profesa Josaphat, na profesa alikuwa Lubero kwenye ndoa ya mpwa wake. Kwenye simu zilisikika tarumbeta za fanfare kuliko sauti yake.

“Ngoja lundi, Falonne! La science, ni patience!”

Kungoja mpaka Jumatatu! Falonne alikata simu kabla hajasema neno ambalo mtu hamwambii mkubwa wake. Akamwambia Daudi ampeleke Bulengera, kwa Mama Orpa.

Mama Orpa ni dada mkubwa wa mama yake, na ndiye aliyemkaribisha tangu aanze kazi chuoni. Ni mama wa maneno machache na nyumba safi kupita kiasi. Siku ile alimwona Falonne akiingia na vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia sanduku, na akauliza lililo haki ya mwenye nyumba kuuliza.

“Ni nini ile?”

Falonne angeweza kukaa chini na kueleza. Hakukaa. Siku nzima alikuwa ameeleza. “Ni kitu moja inatembeaka, mama mukubwa. Usiiguse.” Akaingia jikoni, mahali penye giza na ubaridi, akaliweka sanduku juu ya kinu kilichopinduliwa kifudifudi, akamrudishia Daudi jaketi lake, akaenda kulala bila kula. Neno jekundu lilibaki linatazama mlango.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo. Wakati mtaa mzima unafyeka majani na kuzibua mifereji, Falonne alipanda chuoni kumtafuta mlinzi, labda ana ufunguo wa pili. Mlinzi hakuwa na ufunguo wa pili. Alikuwa na swali.

“Ile vitu yako ya pori, banaikulaka?”

Alirudi Bulengera kwa miguu akisema peke yake. Mbele ya lango harufu ikampiga puani. Javel, dawa ya kuulia vijidudu. Kila mtu wa mji huu anaijua harufu ile tangu miaka ya Ebola, ilipokaa mlangoni mwa kila duka na kila kanisa. Falonne akakimbia.

Katikati ya ua alisimama Mama Orpa. Alivaa bottes za mpira, glavu mpaka viwikoni, na mgongoni pompe ya kunyunyizia dawa, ile aliyobaki nayo tangu alipokuwa hygiéniste, mnyunyiza dawa wa timu za Ebola. Mbele yake, kwenye shimo la taka, sanduku lilikuwa wazi, limelowa chapachapa. Gogo lilikuwa limegeuka jeupe. Juu yake kile cha manjano kilikuwa kimekuwa maji ya rangi ya chai.

“Usifike karibu,” akasema Mama Orpa. “Dawa ingali mubichi.”

“Mama mukubwa, umefanya nini?”

“Kazi yangu. Umeandika échantillon, umesema inatembea, umesema nisiiguse. Ulitaka nifanye nini, niipikie chai?”

Hapo Falonne akapasuka. Alisema yote: motard wa kwanza, motard wa pili, profesa na fanfare yake, mlinzi na tumbo lake, msitu uliofungwa. “Ile njo ilikuwa kazi yangu yote! Yote! Hakuna ingine! Vraiment, munanichokesha! Muji muzima munaogopa neno! Neno tu!”

Mama Orpa alivua pompe mgongoni, taratibu, akaiweka chini.

“Neno tu?”

Sauti ile Falonne hakuwahi kuisikia.

“Wakati Tamar alikuwa anagonjwa, weye ulikuwa Kisangani. Haukuona. Balikuya na bottes kama hizi. Bakamukamata échantillon mu kinywa, bakaniambia: mama, kesho jibu itatoka. Akakufa mbele ya kesho. Bakamuzika mu sachet, na miye niko nyuma ya kamba, ninaangaliya kwa mbali kama mugeni. Kesho ikafika, jibu hapana. Wiki ikaisha, jibu hapana. Majirani banauliza: alikufa na ile maladi ao na maralia? Nitabajibu nini? Ulifikiri nilienda kutumika nabo juu nilipenda kazi? Nilibeba ile pompe juu niingie mu bureau yabo, niulize. Kila siku ninauliza. Bananijibu: mama, ingali mu njia. Mama, iko fasi ingine. Kisha bakafunga bureau, bakaenda. Ata leo sijue mutoto wangu alikufa na nini. Na weye unaniletea ingine mu jikoni.”

Tamar alikuwa dada yake Falonne kwa mama mkubwa. Walioga kwenye beseni moja wakiwa wadogo. Nyumbani wote walisema kwa sauti ya chini kwamba ni ule ugonjwa, na yeye, mtu wa sayansi, hakuwahi kuuliza nani alilithibitisha. Aliona aibu. Na bado alikuwa na hasira ya gogo lake, na vitu hivyo viwili havikutaka kukaa pamoja. Alikwenda kuketi nyuma ya nyumba, uso magotini.

Mama Orpa, ambaye hakuna msiba uliowahi kumzuia kupika, alivua glavu na kuingia jikoni kutwanga sombe, majani ya muhogo. Muda mfupi baadaye akaita.

“Falonne! Kuya!”

Falonne alimkuta ameirudia pompe yake. Alikuwa amekiinua kinu apate kukiosha, akakilaza ubavu. Ndani, kwenye giza lenye unyevu na masalio ya sombe, ilikuwa imetandaa mishipa ya manjano, myembamba, imekatana kama wavu wa wavuvi wa Kyavinyonge. Usiku kiumbe kilipenya mwanya wa kona ya sanduku, kikateremka ubavuni mwa kinu, kikaingia chini. Nusu yake ilikuwa imehama kabla ya javel.

“Njo ile?”

“Njo ile, mama.”

“Ilitoka?”

“Nilikuambia inatembea.”

Mkono wa Mama Orpa ulikuwa kwenye kifyatuo, na mdomo wa pompe ulikuwa umeelekea ndani ya kinu. Falonne hakuthubutu kusogea.

“Hii,” akauliza Mama Orpa, “jibu yake itatoka?”

“Itatoka.”

“Kesho?”

Falonne nusura aseme ndiyo. “Hapana kesho. Sijue siku gani. Mais itatoka, na miye mwenyewe nitakuletea, mbele ya mutu mwingine yote.”

Mama Orpa alifikiri. Akaiteremsha pompe.

“Na kinu yangu?”

“Kinu inaenda nayo.”

Mama Orpa akasema mambo kadhaa kwa Kinande juu ya watu waliosoma, kisha akaenda kuazima kinu kwa jirani.

Jumatatu Daudi, aliyekuwa amekuja Butembo na mzigo, aliitwa tena. Alikizunguka kinu akitafuta maandishi. “Leo hakuna échantillon?” “Leo ni kinu,” akajibu Falonne. Daudi akakifunga nyuma ya pikipiki bila swali. Njia nzima hakuna aliyewaogopa. Wanawake wa soko waliwapigia vigelegele, wakidhani ni bibi harusi anahamia kwa mume na vyombo vyake, na Falonne hakuwa na nguvu ya kuwasahihisha.

Profesa Josaphat alikitazama kinu juu ya meza yake ya maabara kama mtu aliyeletewa mbuzi ofisini. “Étiquette iko wapi?”

Falonne alichukua plasta, akaandika KINU YA MAMA ORPA, akaibandika mbele ya macho yake.

Kiumbe kilijiburuta ndani ya kinu siku kadhaa, na kila siku Falonne alikuwa na hakika kwamba kinakufa. Halafu asubuhi moja kikawa kimeota vichwa vidogo vya kijivu kwenye ukingo, na vumbi lake likaingia chini ya darubini. Physarum, tena ile ya kawaida. Profesa aliinua kichwa akiwa amenuna.

“C’est banal. Iko ata mu pori za baridi, kule kaskazini ya dunia.” Lakini jina ni jina na msitu ni msitu, na kwa kunung’unika kwake kote akaipokea sura ya mwisho.

Falonne hakumpigia mtu simu. Alikiosha kinu kwa sabuni, akapanda nacho pikipiki mpaka Bulengera. Mama Orpa alikuwa uani anachambua maharagwe.

“Mama mukubwa, jibu imetoka.”

Mama Orpa aliweka ungo chini. Akanawa mikono, akafunga upya kikwembe chake, akaleta kiti, akaketi wima kama anavyoketi misani.

“Sema.”

“Inaitwa Physarum.”

“Iko mubaya?”

“Hapana mubaya, mama. Haiambukize mutu.”

“Haikuuaka mutu?”

“Haikuuaka mutu.”

“Sema tena.”

Falonne, aliyechoshwa na kurudia maneno kuliko mtu yeyote wa Butembo, akarudia yote tangu mwanzo, polepole. Mama Orpa alisikiliza macho yamefumbwa, machozi yakimteremka naye hayafuti. Mwishowe akaitikia kwa kichwa.

“Wasingya,” akashukuru kwa Kinande. “Kumbe jibu inatokaka.”