Gwaride la Wenye Moyo Dhaifu

Sajini Okullo alikuwa mtu wa kelele. Kwa miaka ishirini na sita aliwafundisha makuruta gwaride, na hata baada ya kustaafu majirani zake wa Makindye walimsikia kila asubuhi akiwaamrisha kuku wake. Kisha moyo ukachoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa inamkatikia mlangoni, na madaktari wakasema moyo wake hausukumi damu inavyotakiwa. Dawa ziliondoa uvimbe, lakini sauti haikurudi. Alishinda kitandani ameelekea ukutani, chakula anakirudisha, wageni hataki kuwaona.

Mkewe, Acayo, hakujua kukaa na kutazama. Sokoni aliambiwa vitamini hurudisha furaha, akanunua. Akaambiwa alizonunua si nzuri, akanunua nyingine. Siku ya kliniki alikuwa na chupa tano mkobani.

Muuguzi, Sista Jannat, alizipanga mezani.

"Mama, unampa zote hizi?"

"Zote, Sista. Na bado hacheki."

Jannat hakumgombeza. Alimgeukia Okullo. "Afande, katika wiki mbili hizi, umeamka siku ngapi huna hamu ya chochote?"

Okullo alitazama sakafu. "Kumi na nne," akasema. Kisha akalia mbele ya mke wake, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

"Huo si uvivu, wala si woga," Jannat alisema. "Ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Huwapata wengi wenye moyo dhaifu, na ina tiba."

Damu ilipopimwa, ilionekana vitamini D imepungua, basi daktari akabakiza chupa ya vitamini hiyo tu. Nyingine akazikataa, mojawapo ingeweza hata kugongana na dawa za moyo.

"Hii itajaza kilichopungua mwilini," Jannat alimweleza Acayo. "Lakini kwamba itaondoa huzuni, hilo siwezi kukuahidi. Huzuni tutaitibu kwa mazungumzo na mshauri, na kila Jumatano aje kwenye matembezi ya wagonjwa wa moyo."

Jumatano ya kwanza Okullo alikwenda kwa sababu Acayo alimvalisha viatu kwa mikono yake. Wagonjwa wanane walizunguka uwanja wa kliniki. Aliyetangulia alikuwa Tajudin, muuza vitambaa wa Lubaga, mnene, mwenye fimbo. Kila baada ya hatua chache alisimama kusimulia jambo, na wote waliomfuata wakagongana. Okullo alivumilia mizunguko miwili. Wa tatu ulimshinda.

"Kikosi, simama!"

Wote waliganda. Askari wa getini naye akakaza mikono mapajani.

"Nani aliwafundisha kutembea, bata? Wewe mwenye fimbo, unaanza na mguu gani?"

"Usiouma sana, Afande," Tajudin akajibu.

Okullo alifungua kinywa amkaripie, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, akashika kifua. Jannat alikuja mbio, akakuta mgonjwa wake anafuta machozi na kuagiza, "Kushoto, kulia! Polepole, msinifie hapa!" Kwenye benchi, Acayo alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika.

Nafuu haikuja mara moja. Zilikuwepo asubuhi ambazo aliurudia ukuta wake. Lakini Jumatano hakukosa, na mshauri alizungumza naye mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Mwezi wa tatu wa matembezi, Jannat aliuliza swali lilelile.

"Siku mbili," Okullo akasema. "Na moja ilinyesha mvua kutwa."

Acayo hakuweza kujizuia. "Sista, ni vitamini, matembezi, au maneno ya mshauri?"

"Mama, sijui kwa hakika. Pengine vyote kwa pamoja."

"Mimi nasema ni Tajudin."

Sikukuu ya Idi ilipofika, Tajudin aliwaalika wote nyumbani kwake. Binti yake, Mariamu, alipika pilau yenye chumvi ya kuhesabu punje, kama daktari alivyoagiza. Shemeji mmoja wa Tajudin alionja akauliza kama mpishi amegombana na muuza chumvi. Wagonjwa wanane wakaangua kicheko kwa pamoja, wakaongeza sahani. Muziki ulipowekwa, Acayo alipiga vigelegele na kumvuta mumewe mkono.

"Baba Aciro, inuka!"

"Miguu bado mizito, mama."

"Nani amekuomba miguu?"

Okullo akainuka, akasimama wima katikati ya mkeka, na kuanza kucheza kwa mabega tu.