Kahawa ya Delma na Chai ya Mama

Kwetu, bonde la Wahgi, kahawa hainywewi, inauzwa. Unaichuma, unaibeba mpaka kando ya barabara kuu, lori la mnunuzi linapita, nawe unarudi nyumbani na sukari na majani ya chai. Mimi nimekulia chini ya mibuni, na mpaka namaliza shule sikujua kahawa ina ladha gani wala sikuwa na hamu ya kujua. Chai ndiyo tuliyoijua, ya moto, imekolea, yenye maziwa ya unga na sukari isiyo na aibu. Mama yangu, Kolnga, aliinywa asubuhi, mchana na jioni, na ukimchelewesha kikombe chake utatajiwa ukoo wako mzima.

Basi kaka yangu Waim akaenda kuoa upande wa Goroka, mtu anayekunywa kahawa.

Niseme ukweli, nilikuwa nimejiandaa kumchukia huyo wifi. Ndoa yangu mwenyewe ilikuwa imevunjika, nimerudi kwetu na mikono mitupu, na mwanamke aliyerudi kwao hana raha ya kumwona mwenzake anaingia kwa vigelegele. Lakini Delma aliposhuka garini, bilum lake, ule mfuko wa kusukwa, limening'inia mgongoni na mpini wa kikaango umechomoza nje, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Wifi, moto uko wapi? Kichwa kinanipasuka, tangu jana sijanywa kahawa." Sasa mtu kama huyo utamchukiaje?

Alikuwa amefanya kazi jikoni katika nyumba ya wageni kule Goroka, na huko ndiko alikoyazoea mambo hayo. Buni aliomba kwa majirani, maana kwetu hakuna aliyechuma tena. Kila asubuhi anakaanga konzi moja, anatwanga, anachemsha kwenye birika. Harufu ikianza kupanda, Mama anachukua fimbo yake na kutoka nje kwenda kwa nguruwe, hata kama mvua inanyesha.

"Mama, si uonje tu," Waim akamwambia siku moja.

"Mimi ni mtu wa chai. Tangu lini umeniona na kahawa?"

"Kuonja hakuui."

"Wewe ulionja kazi ukafa? Nenda kajenge ua wa bustani ya mkeo."

Hapo alimpata, maana Waim kwa uvivu namjua. Na ule ua ulikuwa na maana yake. Kwetu mkwe akija, anakaa kwa mama wa mumewe, analima bustani yake kwa mikono yake mwenyewe. Kikishatoka chakula, analeta mbele ya watu, ndugu zake wakiwepo, mama mkwe anakula. Akishakula, basi, huyu ni wetu, hata wakigombana kesho ni ugomvi wa nyumbani. Asipokula, ndugu wanamchukua binti yao bila kupiga kelele, na ndoa imeishia hapo. Kabla ya siku hiyo mama mkwe hasemi naye moja kwa moja. Mama akawa anasema nami, Kumi, au anasema na ukuta. "Mwambie huyo mtoto kuni zimelowa." "Mwambie huyo mtoto harufu yake iende nje." Na Delma yupo hapo hapo, anasikia kila kitu.

Delma alilima viazi vitamu, tena vikastawi vizuri sana. Waim akafunga ua kwa kamba zilizooza. Siku chache kabla ya baba yake Delma kufika na kaka zake, nguruwe wakaingia usiku, na asubuhi tulikuta shamba limefukuliwa lote, hakuna hata mzizi. Delma alikaa chini kwenye tope akalia. Na mimi nililia, sioni haya kusema. Nilikuwa nimeshamzoea. Nyumba ile kabla yake ilikuwa kimya tu, mimi na Mama tunatazamana.

"Watanichukua, wifi," akasema. "Baba ameshaahirisha safari mara moja. Hatakubali tena."

"Tukope viazi kwa Kaman." Kaman ni baba yetu mdogo, ndugu wa marehemu baba, anakaa ng'ambo ya kijito.

"Viazi vya Kaman si vya mikono yangu. Mama yako atajua, na mimi nitajua."

Halafu akajipangusa uso kwa mkono wenye matope, akawa mchafu zaidi, akasema, "Lakini kuna kahawa."

Alikuwa anasema ile mibuni ya juu, karibu na chemchemi, chini ya mivinje. Baba alipofariki, shamba lile tuliliacha, likaota magugu mpaka mibuni yenyewe haionekani. Waim alimpa Delma tangu alipofika, kwa kuwa hakuna aliyelitaka. Naye alilifyeka, akakata matawi makavu, na sasa mibuni ilikuwa imezaa. Tayari alikuwa amechuma, amemenya kwa jiwe, ameosha na kuanika juu ya turubai nyuma ya nyumba.

"Delma, kahawa si chakula," nikamwambia.

"Imetoka ardhini, imepitia mikononi mwangu, inaingia mdomoni. Imebaki nini?"

"Imebaki mama yangu. Yeye ni mtu wa chai."

"Basi atakunja uso. Akunje. Ilimradi anywe."

Nilicheka. Sikuona ubaya wowote. Nilidhani tatizo letu ni ladha tu.

Siku yenyewe ikafika. Mawe yalikuwa motoni tangu alfajiri, wanaume wamechimba shimo la kupikia, majani ya migomba yamekatwa. Gari la kina Delma likaingia mapema kuliko tulivyotarajia: baba yake, mzee Sopo, mtu mrefu asiyecheka ovyo, na kaka zake. Nikatumwa ng'ambo ya kijito kumwita Kaman. Nikamkuta anatafuta kofia yake.

"Viazi si vililiwa?" akaniuliza. "Mtoto anawapa nini?"

"Kahawa. Ya lile shamba la juu la baba."

Akaacha kutafuta kofia. "Kahawa? Umpe mama yako kahawa ya kaka yangu? Kumi, nyinyi mna wazimu?"

"Kwani kuna nini? Haipendi tu."

"Nani kakwambia haipendi?"

Akaniambia pale pale, amesimama mlangoni. Baba aliwahi kufanya kazi kwenye shamba kubwa la Wazungu, akajifunza kunywa. Msimu wa mavuno, walipokuwa wanalala kule juu yeye na Mama kulinda buni zisiibwe, alfajiri walikuwa wanakaanga kidogo kwenye kopo la samaki na kunywa wawili peke yao. Walijificha kwa sababu ndugu wangelalamika kwamba wanakunywa mali ya ukoo. Kaman aliwafuma siku moja, wakamhonga kikombe. "Na mama yako alikuwa anaipenda kuliko hata kaka," akasema.

Nikaelewa. Kwetu ukifiwa unaacha chakula kimoja, mpaka ndugu wa marehemu akurudishie. Mimi kwa ajili ya baba niliacha ndizi, mpaka siku Kaman mwenyewe aliponirudishia mdomoni kwa mkono wake, nguruwe akachinjwa. Mama tulidhani ameacha nyama, kwa vile alikuwa anakula kidogo sana. Kumbe nyama hakuiacha. Aliacha kahawa, na hajarudishiwa, kwa kuwa hakuna aliyejua isipokuwa Kaman, na Kaman alikuwa anamngoja aseme mwenyewe. Kumwekea mfiwa mbele ya watu kitu alichokiacha kwa ajili ya marehemu wake ni kumkanyaga marehemu. Angekataa. Ilimpasa akatae. Na akikataa, Delma anaondoka.

Nilikimbia. Nilivuka kijito na viatu vyangu, nikapanda kilima natweta, na nilipofika uwanjani nilimkuta Mama amekaa juu ya mkeka, kikombe kiko mapajani mwake, moshi unatoka. Delma amepiga magoti mbele yake.

"Mama," nikasema, "chai ipo. Nakuchemshia sasa hivi."

"Kaa chini, Kumi."

Nikakaa. Mama alikuwa anakitazama kikombe, hamtazami mtu. Halafu akasema, na wala hakusema nami wala na ukuta, "Mibuni ipi hii?"

Delma akanitazama, hakuamini kama anaulizwa yeye. "Ya juu, Mama. Ya kwenye chemchemi."

"Ile imekufa."

"Haikufa. Ilikuwa imefunikwa. Nimekata matawi, imechipua upya."

Kaman naye alikuwa amefika, hana kofia, anahema. "Shemeji," akasema, "hulazimiki. Mtoto hakujua."

"Hakujua nini?" Huyo alikuwa mzee Sopo, na alikuwa ameshasimama. "Binti yangu amekosea nini? Nimekaa hapa naona mama hanywi. Kama hamumtaki, semeni, tusipotezeane muda. Mizigo yake si mingi."

Nilitaka kupiga kelele kwamba wamwache, huyu ni wifi yangu, kama viazi ni tatizo nitalima mimi mwaka mzima.

"Keti, mzee," Mama akasema. "Mwanao hajakosea. Kahawa hii niliiacha kwa ajili ya mume wangu. Siku tulipomzika nilisema moyoni sitaitia mdomoni, sikumwambia mtu. Nikawa mtu wa chai. Nilikuwa naivumilia tu, inashuka kama maji ya kuoshea vyombo. Na huyu mtoto kila asubuhi ananikaangia puani. Unadhani nilikuwa nakwenda kwa nguruwe kuwasalimia?"

Hakuna aliyecheka. Delma alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Akainyoosha mikono ile, akakishika kikombe. "Nisamehe, Mama. Sikujua. Nipe nikitoe."

Mama hakukiachia. "Nimekwambia nimemaliza kusema?"

Wakabaki hivyo, wote wawili wamekishika. Mama akasema polepole, "Mimi lile shamba nililiacha life pamoja na mwenyewe. Sikutaka kuliona. Wewe hukumjua, hakukupa hata salamu, na umelifyeka kwa mikono yako." "Kaman, mume wangu si alikuwa ndugu yako? Sema. Nikinywa kwenye mkono huu, nitakuwa nimemkosea?"

Kaman alikuwa analia waziwazi. "Kaka angekwambia umechelewa," akasema. "Kunywa, shemeji. Nguruwe ni juu yangu."

Mama akanywa.

Alikunywa funda moja, akafumba macho, machozi yakamshuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. Kisha akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa.

"Ni chungu," akasema.

"Nimeunguza?" Delma akauliza.

"Hujaunguza. Ni ile ile kabisa." Akanywa tena, akakunja uso tena, akatutazama mmoja mmoja kwa mshangao wa kweli. "Jamani, kumbe mimi naipenda chai."

Aliyeanza kucheka ni mzee Sopo, ambaye sikuwahi kumwona hata akitabasamu. Kisha kaka zake Delma, kisha sote. Delma peke yake hakucheka, uso wake ulikuwa umeanguka. "Kwa hiyo hunywi, Mama?" akauliza.

"Nani kasema sinywi? Nimesema naipenda chai. Hiki ni cha mkono wako, mwanangu, ondoa mikono nikimalize."

Akakimaliza mpaka machicha, funda kwa funda, na kila funda anakunja uso. Alipomwita mwanangu nilimwona Delma anainamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka, na Waim, yule mvivu, akakimbilia nyuma ya jiko asionekane anavyolia. Kaman akatoa nguruwe. Tulikula mpaka jioni, na gari la Goroka liliondoka bila Delma.

Kesho yake Mama alituamsha mapema, mimi na Delma, akasema anataka kwenda juu. Ukungu ulikuwa bado bondeni. Alibeba chupa yake ya chai kwapani, Delma birika lake, mimi vikombe. Alipanda kilima bila kupumzika. Tulipofika chini ya mivinje alisimama, akaangalia mibuni iliyochipua, akaishika majani mmoja mmoja. Halafu akatafuta mahali pale walipokuwa wanakaa yeye na baba, akakaa, akamwonyesha Delma akae upande wa pili, na akajimiminia chai yake.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti, wala hakuwa anasema na sisi, "nimekuletea wa kunywa naye kahawa. Mimi sasa ni mtu wa chai."