Nakuja Tumalizane

Ofisini walimwita Chapchap, na hakuwahi kupata nafasi ya kukasirikia jina hilo, maana hata hasira inataka mtu atulie kidogo. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia watu wa kifungo cha nje, wale ambao mahakama imewatia hatiani lakini ikawaacha walale kwao, kwa masharti wafanye kazi za jamii na waripoti kwa afisa. Ni kazi inayotaka sikio. Chapchap alijaliwa mdomo. Mtu akianza kumweleza ugomvi wake na mke au na mwenye nyumba, yeye keshasimama: "Haya, nendeni mkamalizane huko, maisha yaendelee." Wenzake walimtania kwamba siku ya kufa atamwambia mtoa roho asubiri nje, ndani kuna mteja.

Mchana huo aliingia zahanati kumkagua Kimya.

Kimya alikuwa fundi mwashi, na jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Hakimu alipomuuliza kama ana la kusema alijibu, "Hapana," kisha akaonekana kujuta kwa kuropoka. Kosa lake lilikuwa kumvunja bega shemeji yake, kaka wa mkewe, kwa mpini wa jembe, baada ya shemeji huyo kumwita mume wa kulishwa mbele ya ukoo mzima. Akapewa kufyeka na kufagia zahanati, kwa sharti lililosomwa mara mbili: asikanyage karakana ya shemeji yake bila afisa kuwepo. Akikanyaga, gerezani moja kwa moja. Na aliyesimama mahakamani kumwombea nafasi hiyo ni Chapchap mwenyewe.

Nyasi zilikuwa zimefyekwa nusu. Ufagio ulikuwepo. Kimya hakuwepo.

"Sista, mtu wangu yuko wapi?" alimuuliza muuguzi aliyekuwa anakunja bandeji dirishani.

"Si umemruhusu mwenyewe? Kasema afisa kamwambia akamalizane na shemeji yake."

"Mimi?"

"Wewe. Tena leo kaongea sentensi nzima, nikajua kuna jambo."

Chapchap alitaka kucheka. Lakini macho yake yalishafika kwenye msumari wa ukutani linapotundikwa fyekeo. Msumari ulikuwa mtupu.

"Na fyekeo?"

"Kaondoka nalo. Ila hilo fyekeo, ngoja nikwambie..."

Nani alishawahi kumwambia Chapchap angoje, akangoja? Alikuwa tayari juu ya pikipiki ya kukodi, nyuma ya mwendeshaji, mkoba umemning'inia shingoni.

Njiani ndipo kumbukumbu ilipomrudia. Wiki iliyopita Kimya alikaa mbele ya meza yake, akakuna kidevu, akasema, "Afisa, shemeji ananikaa rohoni." Naye, simu sikioni, akifunika kipaza sauti kwa kiganja, akamjibu: "Basi si ukamalizane naye!"

Kumalizana. Ndilo neno wanalotumia watu wakishikana mikono baada ya ugomvi. Ndilo hilohilo wanalotumia wahuni kichochoroni kabla kisu hakijatoka. Yeye alijua alitoa lipi. Kimya alibeba lipi, pamoja na fyekeo?

Alimpigia shemeji mtu. Simu ikaita mpaka ikachoka. Kidole kikaenda kwenye namba ya polisi, kikasita. Akiwaita, Kimya anarudi gerezani hata kama ameenda kwa heri. Asipowaita, na hakuenda kwa heri...

"Dada, unatetemeka au ni injini?" mwendesha pikipiki aliuliza.

"Endesha, kaka!"

"Naendesha. Ila ukizidi hivyo tutafika vipandevipande."

Mtaa wa karakana huwa hauna sikio linalopumzika. Huku wanagonga bati, kule wanasaga chuma. Siku hiyo kwa fundi wa kuchomelea, shemeji yake Kimya, palikuwa kimya kuliko Kimya mwenyewe. Geti la chuma limerudishwa, halikufungwa. Na mbele ya geti, mgongo ukimtazama afisa, alisimama mtu mwenye fyekeo.

Chapchap alishuka. Miguu ilishuka baadaye.

"Kimya!"

Akageuka, na bapa la chuma likageuka naye, liking'aa juani. Chapchap alirudi nyuma akakanyaga mguu wa mwendesha pikipiki, ambaye hakulalamika, naye alishaliona.

"Weka chini hiyo!"

"Nini?"

"Hiyo!"

Kimya akatazama mikono yake. Mkono mmoja mpini, mkono mwingine bapa. "Limevunjika, afisa. Nikaona nisije mikono mitupu. Nimpe kazi. Mtu ukimpa kazi, mnaongea."

Hilo ndilo sista alilotaka kulisema. Chapchap alivuta pumzi ya kwanza tangu zahanati. "Sasa mbona umesimama hapa?"

"Nakungoja wewe. Sharti."

"Ungenipigia!"

"Nimepiga. Simu yako inatumika tu."

"Na yeye anajua unakuja?"

Kimya, kwa fahari kidogo, akamwonyesha simu. Ujumbe ulikuwa mfupi kama yeye: *Nakuja tumalizane.* Chini yake, jibu: *Njoo.*

Nyuma ya geti kitu cha chuma kikakwaruza sakafu.

Hofu ya Chapchap haikuondoka. Ilihama tu upande. Kimya alishanyoosha mkono asukume geti. Afisa akamdaka shati.

"Usiingie."

"Mwenyewe kasema njoo."

"Ndiyo maana!" Akapaza sauti: "Fundi! Ni mimi, afisa!"

Sauti ikatoka karibu kuliko alivyotegemea, palepale nyuma ya bati. "Toka hapo, dada. Huyo kaja kunimaliza, na safari hii hanikuti nimekaa."

"Hakuja kukumaliza. Kaja mmalizane!"

"Si ndiyo hiyohiyo!"

 Safari hii Chapchap aliongea polepole, kama mtu anayetembea juu ya vigae vilivyopasuka. "Fundi, neno hilo ni langu. Nilimwambia mimi, huku naongea na simu. Nilitaka kusema mpatane."

"Mbona hukusema mpatane?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka! Nimesimama hapa na nondo mpaka bega linaniuma upya, eti haraka yako?"

Chapchap alichukua bapa mkononi mwa Kimya, akalisukuma chini ya geti. Kisha akaingia yeye kwanza, ubavu ubavu, macho nusu yamefumba. Nondo ilikuwa juu. Jasho lilimtiririka fundi kidevuni, na mkono wake wa kushoto ulining'inia kama wa kuazima.

"Ningepiga polisi," fundi alisema, "ila dada yangu ningemfanya mjane wa mume aliye hai."

"Shemeji," Kimya aliita kutoka mlangoni.

"Hapohapo! Mikono niione."

Kimya akainua mikono. "Nisamehe bega."

 Fundi aligeuza bapa kwa kidole cha mguu, akalitazama. "Nani alichomelea hili mwanzo? Huyo ndiye wa kufungwa." Akaikaza nondo mkononi. "Nitalichomelea. Wewe usivuke geti. Afisa, kaa katikati."

Chapchap akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kimya akaurusha mpini miguuni pa fundi. Nondo kwapani, fundi akaokota vipande, akavibana kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, akairudisha nondo mkononi, akataka kuvuta waya wa umeme, akasita. Mkono mzima ulikuwa mmoja, na ndani yake mlikuwa na nondo. Akamtazama Kimya. Akaitazama nondo. Akainama taratibu, akailaza sakafuni, karibu na mguu wake.

"Fumbeni macho," akasema.

Kimya alifumba palepale, mikono bado juu. Chapchap alijua vizuri kwamba mwanga ule unaunguza macho, akaweka viganja usoni. Kisha akafungua vidole kidogo. Hakuutazama moto. Alikuwa anaitazama nondo.