Smith wa Askerdale

Kijiji kizima cha Askerdale tunalima, ndiyo maana hakuna mtu hapa anayeitwa Mkulima. Ungemwita nani kwa jina hilo asigeuke mwingine? Jina la kazi hupewa yule anayeifanya peke yake. Mwoka mikate tunaye mmoja, akaitwa Baker. Msaga nafaka ni mmoja, akaitwa Miller, ingawa tungemwita Mwizi angeitika vilevile. Na mhunzi ni mmoja, naye ni Smith. Vuka kilima uulize Smith, utaonyeshwa wa huko. Vuka kingine, utampata mwingine. Wapo tele, kwa sababu hakuna kijiji kinachoweza kuishi bila mtu wa kupiga plau, kitasa na msumari wa jeneza.

Baba yangu, Osbert, ndiye aliyekuwa Smith wetu, na babu kabla yake. Bega lilipomharibikia baba, nyundo nikaishika mimi, yeye akawa anakaa karibu na mlango na bia yake ya shayiri, ananikosoa. “Avice, unapiga chuma au unakibembeleza?” Akafariki katikati ya baridi. Tulimzika, nikarudi nikawasha moto, maana farasi wa watu hawakujua kwamba nina msiba.

Kabla theluji haijaisha akaja Bwana Fulk, msimamizi wa bwana mkubwa mwenye ardhi yetu. Alisimama nje asichafue joho lake.

“Avice, karakana hii si yako. Ni ya bwana mkubwa, na mila unaijua: ufunguo anakabidhiwa Smith. Wewe ni binti wa Smith.”

“Na hizo pete za magurudumu ya mkokoteni wako, kapiga nani?”

“Sikuja kubishana na mwanamke mwenye masizi usoni.”

“Basi rudi nikishanawa.”

Hakurudi. Alipanda farasi, farasi niliyempigilia viatu mimi, akaenda mjini York kutafuta Smith. Akarudi naye wakati wa Kwaresima, kijana mrefu, mpole, mwenye nywele za rangi ya majani makavu, anaitwa Hamo. Fulk alikuwa amesimama sokoni na kuuliza kama kuna Smith anayetaka nyumba na kipande cha shamba, Hamo akasema yeye ni Smith. Hakuulizwa la pili. Nasi hatukumuuliza. Nani angejiita Smith kama si mhunzi? Wanawake walimpelekea jibini, wanaume wakampa bia, na mimi nikajua nimepatikana. Baraza la kijiji lingekaa Jumatatu. Angepewa ufunguo, nami nitoke na nguo zangu na nyundo ya baba, nikaombe kufua nguo za watu.

Jumamosi mchana akaja kuiona karakana. Nikampa koleo, nikamwambia anitolee kipande motoni. Alilishika kwa ncha za vidole kama mtu anayetupa panya aliyekufa. Akainama juu ya makaa kwa uso wake wote. Nyusi zikaanza kunuka.

“Toka hapo, wewe! Unataka kuota upara?” Nikamvuta kwa mkanda. Tukatazamana, na niliyaona yote machoni mwake.

“Hujawahi kupiga chuma.”

“Sijawahi, dada.”

“Sasa unajiitaje Smith?”

“Sijiiti, ndilo jina letu. Mhunzi alikuwa babu. Baba yangu alibeba magunia, mimi nabeba mikate ya tajiri mmoja kule York, na sote ni Smith. Mjini wanafanya hivyo siku hizi. Mtu anamwachia mwanawe jina hata kama hana cha kumwachia.”

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye pipa la maji. Kisha hasira ikanishika, kwa sababu huyu asiyejua koleo ndiye angelala chini ya paa letu.

“Sikiliza,” akasema kwa sauti ya chini. “Sina pa kurudi, tajiri wangu kashachukua mtu mwingine. Tufunge ndoa. Wewe utapiga chuma, mimi nitasimama mlangoni na jina. Fulk ataridhika, nawe hutatoka hapa. Sitakunyanyasa, naapa.”

Nisidanganye, nililifikiria. Hakuwa mbaya wa sura, na nilikuwa naogopa barabara. Lakini nikayaona maisha yangu yote: mimi nimelowa jasho, na watu wanampita mlangoni wakisema asante Smith, kazi nzuri Smith.

“Jasho langu, sifa zako? Hapana, kijana. Beba mikate yako.”

“Utaniumbua Jumatatu?”

“Chuma kitakuumbua. Mimi sina haja ya kufungua mdomo.”

Jumatatu tukajaa kwenye ukumbi wa bwana mkubwa, mbwa na watoto pia. Mwandishi alikuwa ameshakaa na wino wake. Fulk akaushika ufunguo juu watu wauone, akauliza kama kuna mwenye neno.

“Mimi sina neno,” nikasema. “Ila jembe la plau la Wymond limepasuka, na ardhi imekauka baada ya theluji, tayari kwa shayiri. Smith alitengeneze kwanza. Kisha mpe ufunguo hata wa mbinguni.”

Wymond, anayeongoza ng'ombe wa plau wa kijiji kizima, akasimama na jembe lake mkononi. “Hapo umesema. Mimi nikichelewa, mtakula mbaazi mpaka mwakani.”

Tukamiminika wote karakanani, wazee wa baraza mbele. Hamo akanitazama. Nikakunja mikono. Akaliingiza jembe kwenye makaa, akavuta mivukuto ya kupulizia moto kwa nguvu zake zote, na nguvu alikuwa nazo. Chuma kikawa chekundu, kikawa cha manjano. Hakukitoa. Watu wakadhani ndivyo wanavyofanya York. Kikaanza kuwa cheupe.

Nilikuwa nimeapa kutosogea. Kiungue tu, Fulk aone mhunzi wake. Kisha zikaruka cheche nyeupe za kwanza, zile zinazokwambia kwamba chuma chenyewe kinaanza kuteketea, na nikamwona Wymond ameshika kofia yake kifuani. Lile lilikuwa jembe lake pekee. Bila hilo hapangekuwa na shayiri kwa yeyote, hata kwa wale waliokuwa wanangoja nifukuzwe.

“Pisha!” Nikampiga kikumbo, nikanyakua koleo, nikaliweka jembe kwenye fuawe. Joto lile lilikuwa limebakiza kidogo kuharibu, lakini ndilo linalounganisha ufa ukiwahi. Niliwahi. Nikapiga, nikageuza, nikapiga, mpaka ufa ukafunga na ncha ikarudi mahali pake. Nilipolitumbukiza majini, mvuke ukamjaa Fulk kwenye joho. Hilo sikulikusudia, ingawa sikulijutia.

“Nilileta Smith!” Fulk akafoka. “Huyu alisema ni Smith!”

“Uliniuliza jina, bwana,” Hamo akajibu. “Hukuniuliza kazi.”

“Kwani York mtu anaitwa Smith na hajui nyundo?” akauliza Sabina, mke wa Miller.

“Mama, kule kuna Smith anauza samaki.”

“Makubwa! Basi hata Baker wa huko atakulisha njaa!”

Kicheko kikapasua paa. Fulk hakucheka. Alisema mwanamke hakabidhiwi karakana, haijawahi kutokea, bwana mkubwa atamwonaje yeye msimamizi wake. Wazee wa baraza wakasogea pembeni, wakanong'onezana, na mimi nikasimama pale na nyundo. Walikuwa wakimwogopa Fulk. Nilijua, maana hata mimi nilikuwa namwogopa.

Wymond, mmoja wao, ndiye aliyerudi kusema. “Mila inasema ufunguo ni wa Smith, nasi hatuibadilishi. Smith ndiye huyu. Tumemwona wote, na wewe umemwona.”

Fulk akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Akauweka ufunguo kwenye fuawe, hakutaka kunipa mkononi, akatoka.

Mwandishi akachovya kalamu. “Avice, binti wa Osbert Smith,” akasema huku akianza kuandika.

“Toa hilo la binti,” akasema Sabina. “Andika Avice Smith.”

“Avice Smith,” wakasema na wengine nyuma yake.

Mimi niliyekuwa na jibu kwa kila mtu nikalia mbele ya kijiji kizima, masizi yakanitiririka mpaka kidevuni, na nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi.

Walipotawanyika, Hamo alikuwa bado amesimama karibu na mlango, hajui aelekee wapi. Nilikuwa na viatu vya farasi vya kumaliza kabla ya jioni, na yeye alikuwa na mikono yenye nguvu.

“Vuta mivukuto,” nikamwambia. “Polepole, mpaka nikuambie basi.”

Akakunja mikono ya shati lake.

“Sawa, Smith,” akasema.